Mguu wa Nyuma wa Kulia

Jina alilobatizwa ni Gaspard, na ndilo lililo kwenye kadi yake ya mpiga kura. Lakini ukifika mtaa wa Songo, Uvira, ukauliza nyumba ya Gaspard, utaonyeshwa nyumba tatu na zote zitakuwa za watu wengine. Uliza nyumba ya Sahani. Hapo hata mwendesha pikipiki aliyehamia juzi atakufikisha mlangoni.

Jina hilo alilipata kwenye mashine ya mpunga katika uwanda wa Ruzizi, alipokuwa na miaka ishirini na minne. Mashine ilikuwa mpya, na ilitetemeka kiasi cha kulegeza misumari ya paa. Fundi aliyeifunga aliapa kwamba imesimama sawa, kwa kuwa nivo yake ya uashi, ile yenye kichupa cha maji katikati, ilisema hivyo. Gaspard, ambaye kazi yake wakati huo ilikuwa kutia mafuta tu, hakubishana naye. Alimaliza kula wali wake, akasuuza sahani, akaiweka juu ya kitako cha mashine na kumimina maji polepole mpaka yakaufikia mstari wa samawati uliozunguka ukingo. Upande mmoja maji yaliufunika mstari. Upande wa pili yalibaki chini yake kwa upana wa kidole.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni na magunia yao waliangua kicheko. Walimcheka fundi, na walimcheka pia yule kijana aliyepiga magoti mbele ya sahani kama mtu anayengoja komunyo. Msichana mmoja mrefu akapaza sauti: "Weye Sahani! Ukimaliza hapo, kuya upime na magunia yangu."

Jina likanata. Msichana yule, Émérance, akawa mke wake baada ya mavuno mawili.

Miaka thelathini na minne imepita. Sahani ni ileile, ya bati jeupe, imebanduka rangi mahali pawili. Gaspard alihama kutoka mashine za mpunga akaingia katika kazi aliyoipenda kuliko zote: kutengeneza kila kitu kinachoinuliwa kwa nguvu ya mafuta, yaani malori ya kumwaga mchanga, matrekta, na viti vya vinyozi. Émérance alishona nguo. Binti yao Victoire aliolewa Bujumbura, na ndiyo maana nyumbani wao wenyewe huitana Baba Victoire na Mama Victoire.

Jicho la kushoto la Émérance lilikufa miaka sita iliyopita, sindano ya cherehani ilipovunjika na kipande chake kikaruka. Lile la kulia likaendelea na kazi peke yake, hadi lilipoanza kufunikwa na ukungu mweupe. Mwanzoni alishindwa kutunga uzi. Kisha akashindwa kutofautisha kitenge cha kijani na cha buluu. Mwaka huu alianza kuhesabu hatua kutoka mlangoni hadi jikoni, kwa sauti ya chini, akidhani mumewe hasikii.

Kwa hiyo gari-nyumba la upasuaji wa macho lilipofika Uvira, Gaspard alikuwa wa kwanza kumwandikisha.

Gari hilo lilitengenezwa Ulaya kwa ajili ya watu wanaopenda kulala safarini, na lilikuwa na jiko, makabati na kitanda kipana. Chama kimoja cha hisani kiliondoa kitanda, kikaweka meza ya upasuaji, na juu yake darubini ya macho inayoning'inia kwenye mkono wa chuma. Likifika mahali, dereva hubonyeza kitufe na miguu minne ya chuma hushuka kutoka chini ya sakafu, miwili mbele na miwili nyuma, ikisukumwa na mafuta, mpaka sakafu yote inakaa sawa. Dereva, kijana mcheshi aitwaye Pitchou, aliiita miguu hiyo kriki. Gari lilipangiwa siku tano kwenye kiwanja cha parokia, karibu na ziwa. Ijumaa mchana lingevuka mpaka wa Kavimvira, na hakuna aliyejua kama lingerudi. Émérance alikuwa mtu wa kumi na moja katika orodha ya Alhamisi.

Jumatano saa saba mchana Pitchou alifika Songo kwa pikipiki, akaanza kuita kabla ya kushuka.

"Mzee Sahani! Kuya na ile chombo yako! Kriki ya nyuma, ya kuume, imekufa!"

Gaspard alimkuta daktari Laure, mama wa makamo kutoka Bukavu, amesimama nje ya gari, mikono imekunjwa. Wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kivulini.

"Papa," alisema, "darubini yangu iko inateleza. Nairudisha, inateleza tena. Minye siwezi kupasua jicho ya muntu kama niko ndani ya mtumbwi. Kama haitengenezeki leo, kesho ninafunga."

Gaspard aliitikia kwa kichwa. Akamgeukia Pitchou na kuanza na maswali, kama alivyoanza kila kazi.

"Ilianza siku gani?"

"Juzi. Lakini inashangaza, Mzee. Usiku inalala vizuri. Asubuhi iko sawa. Ikifika saa sita, inaanza kukaa chini kama kuku."

"Na weye ulifanya nini?"

"Niliangalia tangi ya mafuta. Ilikuwa imepunguka, nikaongeza."

"Miguu ilikuwa chini ao juu?"

"Chini. Siku ya kazi miguu iko chini, si unajua."

Gaspard akafumba macho kidogo. Kisha akamwambia aipandishe miguu yote. Waliokuwa ndani ya gari walitolewa, Pitchou akabonyeza kitufe, miguu ikapanda ikinguruma, na kutoka kwenye tundu la tangi mafuta yakafoka na kumwagika kama maziwa yaliyosahauliwa motoni.

"Umeona? Mafuta haikupotea. Ilikuwa ndani ya miguu. Tangi inapimwa miguu ikiwa juu, bwana."

"Ho! Pitchou alitaka kunywesha ng'ombe yenye imeshiba," ilisema sauti kutoka kwenye mabenchi. Alikuwa Marcellin, mvuvi wa zamani, mwenye ukungu katika macho yote mawili, aliyekaa karibu na nyuma ya gari na fimbo yake katikati ya magoti. Watu wakacheka, na Pitchou akacheka pamoja nao huku akipangusa viatu.

Baada ya hapo Gaspard alifanya kazi yake kwa utaratibu. Alifuta mafuta yaliyomwagika, kila mpira unaopitisha mafuta na kila kiungo, mpaka pakavu kabisa. Akaomba miguu ishushwe tena juu ya mbao zake. Kisha akatoa kifuko cha unga laini wa muhogo, akaupuliza kidogo kidogo juu ya kila kiungo, kwani unga mkavu huonyesha tone ambalo jicho haliwezi kuliona. Akangoja nusu saa. Kwenye miguu mitatu unga ulibaki mweupe. Kwenye mguu wa nyuma wa kulia, juu kabisa, pakatokea doa la rangi ya chai, ukubwa wa punje ya haragwe.

Moyo ulimruka. Alikuwa amelipata.

Alilala chali chini ya gari, akafungua kiungo kile na kutoa pete ya mpira iliyokauka na kupasuka. Alipokuwa akitafuta pete nyingine kwenye kopo lake, alisikia fimbo ya Marcellin ikigonga-gonga changarawe.

"Bwana Sahani, hapa fimbo yangu iko inaingia."

"Mzee," Pitchou akamjibu, "fimbo yako na mwenyewe wote mumechoka."

Wakacheka tena. Gaspard alisikia maneno yote mawili, la mzee na la kijana, lakini hakutoka chini ya gari. Alikuwa na pete mpya mkononi.

Alipomaliza, aliiweka sahani kwenye sakafu ya gari na kumimina maji. Maji yaligusa mstari wa samawati pande zote. Saa moja baadaye yalikuwa bado yanaugusa. Daktari Laure aliinama akatazama, kisha akamtazama yeye.

"Papa, nifanye kazi kesho? Niambie ukweli."

"Kesho fanya kazi, Dokta."

Gaspard alikuwa na desturi moja ambayo hakuwahi kuivunja kwa miaka thelathini. Kabla ya kugusa mguu wowote wa mafuta, alichora alama ya chaki kwenye ile fimbo ya chuma inayong'aa, inayotoka ndani ya silinda. Alama ikimezwa, mguu unafupika, na mafuta yanavuja mahali. Alama ikibaki palepale, mafuta hayana kosa, na lazima utafute kwingine. Ni jambo la nusu dakika. Siku hiyo doa la ukubwa wa haragwe lilimfurahisha mno, na jina la kumi na moja lilikuwa likimwasha kichwani. Chaki haikutoka mfukoni.

Alhamisi ilianza vizuri. Hadi saa tano asubuhi watu kumi walikuwa wamepita, kila mmoja akitoka na kitambaa jichoni, akishikwa mkono. Gaspard aliomba aiweke sahani kwenye ujia mwembamba nje ya chumba cha upasuaji. Agnès, muuguzi, alimkubalia kwa sharti asiivuke. Yeye akakaa kwenye ngazi ya mlango, uso ukielekea maji ya sahani.

Jina la Émérance likaitwa.

"Baba Victoire, uko wapi?"

"Niko hapa kwa mulango."

"Usinifuate ndani. Utaanza kupima dokta."

Agnès akacheka, akamshika mkono na kumwingiza. Mlango wa turubai ukafungwa. Gaspard alisikia maji ya sinki yakichuruzika, kwa kuwa daktari alinawa mikono muda mrefu kabla ya kila mtu. Akasikia vyuma vikiwekwa kwenye trei. Kisha sauti ya Laure, ya chini na tulivu: "Mama, sasa nimeanza. Usiseme, usikohoe, usitingishike. Ukihitaji kitu, inua kidole."

Ilipita robo saa. Gaspard hakuyaondoa macho kwenye sahani.

Mwanzoni alidhani ni kope zake. Upande wa kushoto, ukingo wa maji ulijitenga na mstari wa samawati, nafasi nyembamba kama uzi. Akapepesa macho. Uzi ukawa kamba. Upande wa nyuma kulia, mstari ulianza kuzama.

Alisimama.

"Dokta."

"Nimeona," Laure akajibu kutoka nyuma ya turubai. "Darubini iko inakimbia."

"Simamisha, Dokta."

"Sitasimamisha. Jicho iko wazi na lensi haijaingia. Nikiliacha hivi, limekwisha. Nipe dakika kumi na mbili. Na mutu asinitingishie hii gari."

Émérance alikuwa akisikia kila neno, na hakuruhusiwa hata kumeza mate kwa nguvu.

Gaspard alishuka, akajitupa chini ya gari kwa tumbo. Pete aliyoibadilisha, fikra zake zilisema, pete imepasuka. Akapapasa kiungo. Kikavu. Akatazama mipira yote. Mikavu. Ndipo macho yake yakaangukia ile fimbo ya chuma inayong'aa. Jana, alipomaliza kazi, aliona vumbi la unga limeganda juu yake kama pete nyeupe, kidole gumba kimoja chini ya mdomo wa silinda. Alitaka kulifuta, hakuwa na kitambaa, akaliacha. Sasa aliweka kidole gumba pale. Kiliingia sawasawa.

Mguu haukuwa umefupika hata kwa unene wa ukucha. Mafuta yalikuwa yanashika. Tangu Jumatatu mafuta yalikuwa yanashika; lile doa la jana lilikuwa tone tu, si sababu.

Akashusha macho hadi chini. Ubao uliokuwa juu ya changarawe jana sasa ulikuwa ndani ya changarawe, upande mmoja umemezwa kabisa. Shibri moja tu kutoka hapo, bomba jembamba lilining'inia kutoka sakafuni, likitoa matone. Lilikuwa bomba la sinki. Alichimba kwa vidole. Changarawe ilikuwa na kina cha kiganja kimoja, na chini yake kulikuwa na kitu cheusi, laini, kinachobonyea kama godoro lililolowa. Hakuhitaji kukinusa.

Yalikuwa makapi ya mpunga.

Mwaka ule ziwa lilipopanda na kukataa kushuka, kiwanja cha parokia kilikuwa dimbwi kwa miezi mingi. Kila Jumamosi kulikuwa na salongo, kazi ya pamoja, na waumini wote walitoka kufukia. Udongo ulikuwa mbali, lakini makapi yalikuwa bure, milima ya makapi kwenye kila mashine ya mpunga uwandani, na kila mtu wa Uvira aliyefukia kiwanja mwaka ule aliyatumia. Wanaume walibeba magunia, wanawake walikanyaga wakiimba, kisha ikaletwa changarawe safi, ikatandazwa, padri akainyunyizia maji ya baraka, na mahali pale pakaonekana pagumu kama barabara. Baada ya hapo kila mtu alisahau. Gaspard mwenyewe alibeba magunia kumi na manane. Émérance alikuwa miongoni mwa waliokanyaga.

Na kwa siku nne, kila mara daktari alipoosha mikono, maji yalikuwa yakiyalainisha makapi yale chini ya mguu mmoja. Usiku hakuna anayenawa. Ndiyo maana usiku gari lililala vizuri, na ndiyo maana jana, upasuaji ukiwa umesimama, maji ya sahani hayakusogea.

"Mzee!" Pitchou alikuwa ameingiza kichwa kwenye kibanda cha dereva. "Minye nainyanyua! Kidole iko kwa butoni!"

"Toa kidole!" Gaspard hakuwahi kumpigia mtu kelele hivyo. "Ukibonyeza, itasukuma muguu ndani ya hii matope kama kijiko ndani ya uji. Na ile mitatu ingine itaanza kuchezacheza. Toa kidole, leta kriki ya mukono!"

Pitchou akaruka chini kutafuta.

"Agnès! Maji ya sinki, funga!"

"Nimefunga!"

Lakini kufunga maji hakukutosha. Ubao uliendelea kuzama. Aliuona, polepole, kama kitu kinachopumua. Ilibidi aitegemeze boriti ya gari kwa kriki ya mkono, na kriki hiyo ilihitaji kusimama juu ya kitu kigumu. Kila mahali alipochimba alikuta makapi. Alichimba mbele ya mguu, akachimba kando, kucha zikajaa weusi. Dakika ngapi zilikuwa zimepita, hakujua.

Kisha akaikumbuka fimbo ya yule mvuvi.

"Marcellin!"

"Niko."

"Nilikosea jana. Nisaidie. Tafuta na fimbo yako, penye inakataa."

Mzee aliinuka, akapiga magoti kando ya gari, akaisukuma fimbo yake chini ya sakafu, na kuanza kuchoma ardhi kila shibri, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza.

"Inaingia. Inaingia. Inaingia, hii ni uji mutupu. Ngoja. Mazizi ya ng'ombe ya padri ilikuwa wapi, ule upande? Basi huku…" Fimbo ikatoa mlio mkavu. Akachoma tena, kidole kimoja kando yake. Mlio uleule. "Hapa inakataa! Hapa palikuwa jiko ya mapadri, bwana! Minye nilikuwa naletea Padri samaki kwa hii mulango. Huu ni musingi yake!"

Msingi wa jiko lililobomolewa na maji ulipita chini ya gari, mkono mmoja mbele ya mguu unaozama. Gaspard alikwangua changarawe hadi jiwe na saruji vikaonekana. Pitchou akatambaa hadi hapo na kriki ya mkono ya lori na gogo fupi la mti mgumu. Gogo likakaa juu ya msingi, kriki juu ya gogo, na kichwa cha kriki kikagusa boriti.

Sasa ilikuwa kazi ya mkono mmoja na sahani moja.

"Agnès! Simama kwa sahani. Sema yenye unaona, hiyo tu."

"Upande wa nyuma mustari imezama. Kidole muzima."

Akasukuma mpini wa kriki, robo ya pigo. Akangoja. Robo nyingine. Akangoja. Mkono ulitaka kukimbia, naye akaukataza. Sakafu iliyopanda ghafla ilikuwa hatari sawa na sakafu iliyoshuka.

"Kidole, bado."

Robo.

"Nusu kidole."

"Taratibu huko chini," sauti ya Laure ilipenya sakafuni. "Usinipandishie zaidi. Inatosha hapo. Unishikilie tu."

Kushikilia kulikuwa kugumu kuliko kupandisha. Makapi yaliendelea kubonyea, na kila yalipobonyea uzito ukahamia kwenye kriki, naye alilazimika kuurudisha kwa kiasi kilekile, bila kuzidisha. Jasho lilimwingia machoni, hakulifuta. Juu ya kichwa chake, upande wa pili wa sakafu nyembamba, alikuwa amelala mkewe, na jicho lake moja limefunguliwa.

Mguu ukatoa sauti kama mtu anayekaa kitako. Ubao uliporomoka, shibri nzima, ukapotea ndani ya weusi, na mguu ukabaki unaning'inia hewani. Kona yote ya gari ikalala juu ya kriki ya mkono. Gogo likalia. Pitchou akanong'ona, "Yesu."

Gogo likashika.

"Agnès?"

Akaukaza mpini.

"Agnès, sahani!"

"Maji… maji imetingishika kidogo. Sasa imetulia. Iko palepale, nusu kidole."

Kwenye mabenchi watu walikuwa wamesimama wote, nyuso zimeelekea gari ambalo wengi wao hawakuweza kuliona. Gaspard alibaki ameshika mpini, ameukumbatia karibu, akihesabu pumzi zake, kwani hakuwa na kitu kingine cha kuhesabu.

Hatimaye sauti ya Laure ikashuka, nayo ilikuwa imechoka.

"Lensi imeingia. Nafunga. Papa, unaweza kupumua."

Émérance alipotolewa, kitambaa cheupe kimefunika nusu ya uso, alinyoosha mkono hewani mpaka ukakutana na shati la mumewe.

"Nilikuwa nasikia mukono yako kwa kriki," akasema. "Ulikuwa unaisukuma kama minye nakanyaga cherehani kwa kitambaa ya hariri. Nikajua hauogopi."

"Niliogopa."

"Basi mukono haikuambiwa."

Daktari Laure alitoka baada yake, akavua barakoa. Gaspard alimwendea mbele ya watu wote, mikono bado myeusi.

"Dokta, jana nilikuambia ufanye kazi."

"Uliniambia."

"Sikupima yenye ilibidi nipime. Nilipata kosa moja, nikafurahi, nikaacha kutafuta. Na huyu mzee aliniambia fimbo yake inaingia, sikutoka hata kuangalia."

"Minye nilimucheka," Pitchou akaongeza, uso chini.

"Weye ulinicheka mara mbili," Marcellin akamsahihisha. "Fimbo kwanza, kisha mwenyewe. Nilihesabu."

Laure hakucheka. "Kuna watu tisa bado," alisema. "Ungeniambia ni mafuta tena, ningekufukuza. Tafuta mahali penye gari itasimama, na safari hii uniambie namna gani umejua."

Walilihamisha gari hadi kando ya barabara, palipo na mwamba. Marcellin alitangulia na fimbo yake, Gaspard akamfuata na chaki. Alama nne zilichorwa kwenye fimbo nne za chuma, sahani ikawekwa, na bomba la sinki likaelekezwa kwenye ndoo. Marcellin alikuwa wa mwisho kupanda mezani, jua likianza kushuka nyuma ya milima.

Ijumaa asubuhi, kabla gari halijaondoka, Agnès alifungua kitambaa cha Émérance. Jicho lilikuwa jekundu na lilitoa machozi. Laure alimulika kitochi, akauliza anaona nini.

"Mwanga," Émérance akasema.

"Mwanga tu?"

"Mwanga mingi."

Laure alisema jicho limevimba, wasilikimbize, waliache lipone kwa siku zake. Aliwapa chupa ya dawa ya matone. Gaspard alishukuru kwa maneno yote aliyoyajua, lakini hakutulia, kwa kuwa mwanga Émérance alikuwa akiuona hata kabla. Akampandisha kwenye pikipiki, akapanda nyuma yake, na walipofika mlangoni akatega sikio kama atahesabu hatua. Hakuweza kusikia, kwa kuwa mwendesha pikipiki alikuwa amewasha muziki.

Mchana alipika yeye. Wali, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Walikula ndani, pazia limeshushwa kwa sababu ya jicho. Émérance alikula polepole, kichwa kimeinama. Kisha Gaspard alikusanya vyombo, akatoka uani, akakaa kwenye kigoda mbele ya beseni, na kuanza kuosha. Sahani ya bati aliiacha mwisho. Aliisugua kwa majivu, akaisuuza, akaigeuza, akaisuuza tena, na kuiweka juu ya kichanja ikauke.

Pazia la mlango lilisogea. Émérance alikuwa amesimama kizingitini, kiganja juu ya jicho kukinga jua.

"Baba Victoire, na hiyo ndiyo kuosha?"

"Iko na nini?"

"Chini ya mustari ya buluu, hapo penye rangi imetoka. Kuna weusi ya yale makapi."

Gaspard aliinua sahani, akaisogeza karibu na uso wake, akaigeuza kuelekea jua. Ilimbidi atafute. Kisha akaliona, doa jembamba kuliko unywele, limejificha kwenye kovu la rangi.

Aliirudisha sahani ndani ya beseni, akachukua majivu kwa ncha ya kidole, akasugua pale mahali mpaka pakawa peupe, akaisuuza kwa maji safi, na kuiweka juani.